Wageni watatu mbele ya tivii: nimeirudia Earth Girls Are Easy

Watu wakitafuta mfano wa muvi ya kijinga ya miaka ya 80, Earth Girls Are Easy haikosi kutajwa, na kweli ukimsimulia mtu asieijua unaona uso wake unavyobadilika: viumbe watatu wa anga wana manyoya mwili mzima, mmoja wa bluu mmoja mwekundu mmoja wa njano, chombo chao kinadondokea kwenye swimingi puli ya dada mmoja anaefanya kazi ya kucha saluni huko San Fernando Valley, California, dada anawapeleka kwa rafiki ake wananyolewa, chini ya manyoya wanatokea wanaume watatu wazuri, afu anampenda mmoja. Basi. Mimi nimeirudia Jumamosi usiku nyumbani Tabata, mara ya kwanza baada ya miaka 30 na zaidi, na tangu hapo haijatoka kichwani, kwa iyo acha niiseme.

Ilioneshwa kwa mara ya kwanza 1988, majumba ya sinema ya Marekani ikaingia 1989. Muongozaji ni Julien Temple, Muingereza alietokea kwenye video za muziki. Geena Davis ndo Valerie, dada wa kucha. Jeff Goldblum ndo Mac, yule wa bluu. Mwekundu anaitwa Wiploc, na huyo ni Jim Carrey kabla dunia haijamjua, wa njano ni Zeebo, Damon Wayans. Mwenye saluni ni Candy, kaigiza Julie Brown, na hilo jina lishike kwa sababu huyu Julie Brown ni mmoja wa walioandika hadithi yenyewe, na jina la muvi limetoka kwenye wimbo wake wa 1984. Muziki wa muvi kaufanya Nile Rodgers, yule mpiga gitaa wa bendi ya Chic. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika kabla haijaitoa, ikachukuliwa na kampuni nyingine, na pesa ilioingiza Marekani haikufika dola milioni 4, yaani haikurudisha hata nusu ya gharama. Ndo maana hata hao wanaoitukana wengi wao hawajaiona.

Sisi tuliiona. Magomeni, 1993, banda la video, kuta za mabati na magunia, benchi za mbao, tivii moja imewekwa juu kwenye kimeza na deki chini yake. Kwa vijana wa sasa inabidi nieleze kwamba Tanzania Bara kipindi icho haikua na kituo cha televisheni hata kimoja, Zanzibar walikua nacho tangu miaka ya 70 ila huku vituo vimeanza 1994. Kwa iyo kwa mtoto wa Magomeni tivii haikua na taarifa ya habari wala matangazo, ilikua ni kaseti tu, na kaseti ni kitu cha Kizungu, au cha Kihindi, au cha Kichina, na katika hizo lugha zote tulikua hatujui hata moja. Zama za kina Lufufu kutafsiri muvi kwa Kiswahili zilikua bado hazijafika kwetu. Kulikua na kaka mmoja anakaa benchi la nyuma, yeye kidato cha pili, ndo alikua anatupa maana, na nyingi alikua anazitoa kichwani mwake, ila tulimshukuru.

Sasa kuna sehemu kwenye hii muvi ndo imenifanya niandike. Valerie amewaingiza wale viumbe ndani, hawajui Kiingereza, hawajui chochote, na wanakutana na tivii. Wanakaa mbele yake. Wanaangalia, afu wanaanza kurudia. Kila wanachosikia wanakirudia, tangazo, neno la mtangazaji, mlio, sauti, mikono inaiga, shingo inaiga, bila kujua wanasema nini. Kiingereza chao chote mpaka mwisho wa muvi mzizi wake ni pale.

Mzungu akiangalia pale anacheka kwa sababu anaona viumbe wa ajabu wanaiga matangazo yake. Sisi tulicheka pia, banda zima lilicheka, watu wamepigana mabega, ila ukiniuliza leo tulikua tunacheka nini ntakwambia tulikua tunajiona. Sisi ndo tulikua wale watatu. Tulikua tunatoka bandani tunatembea njia nzima mpaka Magomeni Kagera tunarudia sentensi ambazo hatujui mwanzo wake wala mwisho wake, na sauti ilikua sawa kabisa, lafudhi sawa, mkono unakatwa hewani vilevile, maana tu ndo haikuwepo. Na tulikua tunajua nani mbaya, nani anampenda nani, nani atasalitiwa, hata yule kaka wa kidato cha pili akikosea kutupa maana tulikua tunamsahihisha. Hapo ndo kuna jambo ambalo wachambuzi wanaoiita hii muvi ya kijinga wanalipita. Wao wanaisikiliza. Wanasubiri maneno yawape akili, na maneno ya hii muvi mengi ni mepesi kweli, sibishi. Ila muvi yenyewe inakwambia waziwazi kwamba maneno sio njia, kwa sababu mhusika wake mkuu wa kiume hana maneno, na bado anapendwa.

Mfano jina la saluni ya Candy, Curl Up & Dye, ni mchezo wa maneno, kukunja nywele na kuzipaka rangi, ila ukilitamka linasikika kama kujikunja ukafa. Nimelielewa juzi. Mwaka 93 lilipita juu yangu kama ndege, na sikupungukiwa na kitu, kwa sababu saluni yenyewe niliiona, rangi zake, zile nywele zilizosimama, watu wanazunguka kwenye viti, na nikajua hapa ndo mtu anaingia mmoja anatoka mwingine. Temple alikua ametoka kwenye kazi ambayo una dakika nne na mtu hasikilizi stori anaona tu, kwa iyo muvi yake nzima ameijenga kwa jicho. Rangi za wale viumbe tu, unadhani ni za kuchekesha lakini zinakusaidia usiwachanganye hata kama hujui majina, na sisi hatukujua majina, tuliwaita Bluu, Nyekundu na Njano. Miaka michache baadae Jim Carrey amekua Jim Carrey, ile 1994 aliotoa muvi tatu kubwa kwa mpigo, ndo mtu mmoja bandani akasimama akasema jamani huyu si Nyekundu! na wengi hawakumwamini.

Kipindi kilekile muvi za aina hii zilikua nyingi, mapenzi na sayansi au mapenzi na maajabu, ila ziangalie kwa makini uone nani ndo kiumbe. Splash ya 1984, kiumbe ni mwanamke, nguva. Weird Science ya 1985, vijana wawili wanamtengeneza mwanamke kwa kompyuta. Mannequin ya 1987, mwanamke ni sanamu la dukani. My Stepmother Is an Alien ya 1988, mwanamke katoka sayari nyingine. Kila mara mwanamke ndo mgeni, mzuri kupita kiasi, na mara nyingi hajui kitu chochote kuhusu dunia, mwanaume wa kawaida kabisa anapata nafasi ya kumfundisha. Wanaume ndo waliokua wakiziongoza hizi. Sasa mwanamke kama Julie Brown akishika kalamu linatokea nini? Mgeni anakua mwanaume. Mwanamke ndo mwenye nyumba, ndo mwenye puli, ndo mwenye lugha, ndo anaejua chakula kiko wapi. Mwaka mmoja kabla yake kulikua na Making Mr. Right, nayo imegeuza hivyohivyo, roboti ni mwanaume, na muongozaji wake ni mwanamke, Susan Seidelman. Mimi siamini kama hiyo imetokea kwa bahati.

Na hapa Dar sisi hii hadithi ya kupendwa na kiumbe kisicho cha dunia hii hatukuisubiri ije na kaseti. Nani hajasikia habari ya jini mahaba? Kila mtaa una dada anaeambiwa haolewi kwa sababu ana mume wa kijini, anamjia usiku, ana wivu, anafukuza wachumba, mpaka aende kutolewa. Bibi zetu wameyasema haya, wahubiri wanayasema, muvi za Kibongo zimeyafanyia kazi miaka na miaka. Kwa iyo pale bandani Bluu alipoanza kumkaribia Valerie mama mmoja muuza karanga pale mlangoni alisema kwa sauti, huyo dada hataolewa tena. Alikua haongei kwa utani. Yeye alikua anajua hadithi inavyoenda.

Ila haikwenda hivyo, na ndo maana nadhani ilimkaa kila mtu aliekuwepo. Jini wetu anakuja anajua kila kitu, anakujua wewe kuliko unavyojijua, ana nguvu, na wewe huna kauli. Bluu anakuja hajui kitu. Kaloa, ana njaa, chombo chake kimejaa maji mpaka aje mtu wa kusafisha puli ayatoe, na anamtegemea yule dada kwa kila hatua. Nguvu zote ziko kwa mwanamke na yeye anazitumia kuwalisha na kuwavisha. Sijui hadithi yetu yoyote ya jini inayompa dada nafasi hiyo.

Mtoto wa dada angu ndo nlikua naangalia nae, ana miaka 22, anafanya kazi ya kucha saluni moja Sinza, alianza kwa kuzunguka nje ya Kariakoo na sasa ana kiti chake. Mimi nlidhani atachoka baada ya dakika kumi. Yeye ndo alienifungua macho. Alisema, anko, huyu dada ni wa kucha kweli, angalia anavyomshika mtu mkono. Nkarudisha nyuma nkaangalia. Afu akanieleza kazi yake kama hajawahi kunieleza: mteja anakuja hamjuani, unamshika mkono saa nzima, saa nyingine miguu, na watu wakishikwa mkono wanaongea, anakwambia mume hajalala nyumbani, anakwambia mkopo, anakwambia mambo ya wakwe, na wewe macho yako kwenye kucha kwa iyo haoni aibu, wengine hawaongei kabisa wanalia tu, na unajua kwa mkono tu mtu ana hali gani kabla hajafungua mdomo. Vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi wanagonganisha vile vichupa nao ni hivyohivyo, alisema, wale wanajua siri za nyumba nyingi za Dar kuliko wajumbe.

Wakati nafikiria hadithi ya muvi nilikua naona kazi ya Valerie kama kichekesho tu, dada wa kucha kakutana na viumbe. Sio. Waandishi walikua wanajua wanachofanya. Walihitaji mtu ambae kazi yake ni kushika mkono wa asiemjua na kumuelewa bila kuhojiana nae. Mwanasayansi angewafungia kwenye chumba, na kwenye muvi kweli mtu wa elimu yupo, ni mchumba wa Valerie mwenyewe, Ted, daktari, na Ted akija kuwapata baadhi yao hospitali anasikiliza kifua, anakuta mioyo miwili, na kitu cha kwanza kinachomjia ni sifa atakayoipata kwa ugunduzi wake. Mtu mwenye mioyo miwili yuko mbele yako na wewe unawaza jina lako! Ndo huyohuyo Ted ambae mwanzo wa muvi Valerie amejibadilisha nywele kua blondi, kavaa, kaandaa nyumba, anamsubiri, na yeye anaingia na nesi wa kazini kwake.

Hiyo sehemu ya usaliti tuliielewa bila kutafsiriwa. Valerie anamfukuza, anavunja vitu vyake ndani ya nyumba kimoja baada ya kingine, na wanawake waliokua wanachungulia mlangoni pale bandani walipiga vigelegele. Niliposikia juzi mtoto wa dada angu nae anasema "vunja, vunja na hicho" nkajua hiyo sehemu haijazeeka.

Ila kuna iliyozeeka, na siwezi kuipenda muvi nikajifanya sioni. Wale watatu wanapendwa baada ya kunyolewa. Kabla ya hapo ni viumbe wa kulishwa na kuchekwa, wakishatoka chini ya mashine ya Candy ndo Valerie anashtuka, ndo kila mwanamke pale saluni anageuka. Muvi ambayo imekaa muda wote inasema mtazame mtu usimsikilize tu, ikifika hapo inasema mtazame ila kwanza afanane na sisi. Inaniuma kwa sababu ilikua na nafasi. Lile jicho la Mac ni lilelile akiwa na manyoya, Goldblum ana macho makubwa na anayatumia vizuri hata akiwa amefunikwa bluu, Valerie angeweza kuanza kushtuka pale, hata kidogo tu, sekunde tano. Geena Davis na Jeff Goldblum kipindi kile walikua mke na mume kweli, walioana 1987, na ndoa haikufika mbali, ila kwenye muvi unaona wanavyotazamana ni watu waliozoeana, na hiyo sehemu ya manyoya imewapotezea bure.

Na jina. Kwa Kiswahili tungesema wanawake wa duniani hawana gharama, au tungesema neno baya zaidi, na vijana wa banda walivyoambiwa maana na kaka wa nyuma walilitumia mtaani kwa wiki kadhaa kwa wasichana waliokua wanaenda kisimani, nakumbuka. Julie Brown alilitoa kama kejeli kwa wanaume wanaowaza hivyo, na hadithi inalikanusha, maana Valerie sio rahisi kwa mtu yeyote, Ted mwenyewe anasumbuliwa. Lakini kejeli ni kitu cha masikio. Ikivuka bahari bila lugha yake inabaki tusi, na waliolibeba ni wasichana wa Magomeni ambao hata hiyo muvi hawakuruhusiwa kuingia kuiona. Geena Davis baadae, 2004, akaanzisha taasisi ya kuchunguza wanawake na wasichana wanavyooneshwa kwenye muvi na tivii, na mimi nkisikia habari zake nakumbuka lile jina.

Mwisho wa muvi Valerie anakaribia kurudi kwa Ted, ndoa imeshapangwa, afu anamuacha anapanda chombo na Mac wanaondoka. Mwaka 93 tulishangilia. Tulisimama kwenye benchi.

Juzi sikushangilia, na sababu ni mama yangu mdogo. Huyu aliolewa Kigoma mwaka uliofuata baada ya ile muvi, tulimsindikiza stesheni ya reli ya kati, kitenge kipya, masanduku, vyombo alivyopewa kwenye sendofu vimefungwa kwenye beseni na kanga, na treni ilivyoanza kuondoka bibi alikimbia nayo pembeni mpaka mwisho wa jukwaa. Alikua anampenda yule mwanaume, hakulazimishwa na mtu, na mpaka leo wako wote. Ila barua ilikua inachukua wiki. Bibi alipofariki, 1997, taarifa ilimfika kwa taabu, treni nayo ilichelewa njiani, mama mdogo akafika tumeshazika, siku ya tatu, akashukia makaburini na mabegi yake hajapita hata nyumbani.

Muvi haina muda na hayo, chombo kinapanda tu. Mimi nlikua nimeshashika rimoti nizime, mtoto wa dada angu kanyamaza anaangalia yale maandishi ya mwisho, yeye huyo mama mdogo anamuita bibi wa Kigoma na stori ya msiba anaijua kama mimi. Afu akauliza, anko, sasa huyu akipata msiba kwao atakuja na nini?

Sikumjibu. Nlirudisha nyuma tukaangalia tena pale Valerie anapopanda, mara mbili, kuona kama kuna sehemu anageuka kuangalia nyuma.